Njia ya Hodi

Kashaulili, Mpanda
17 Novemba 2024

Mwanangu Onesphore,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo. Naandika "sisi" kwa mazoea, kumbe ni mimi na kuku tu, lakini kalamu bado haijakubali. Mvua imeanza vizuri. Mahindi ya shamba la Ilembo nimempa Nyanzala ayapande pamoja na ya kwake, tutagawana. Wewe hali yako? Unakula? Dodoma nasikia kuna vumbi, jifunike kifua.

Barua hii nampa yule mama anayepeleka mchele Tabora kwa treni. Yeye ataikabidhi kwenye basi la kuja kwako. Usinicheke kwamba kuna simu. Kwenye simu mimi nikisikia sauti yako nalia, na wewe unasema "sawa, Mama Mkubwa, sawa," halafu inakatika, na hakuna aliyemaliza alichotaka kusema. Tangu tumzike dada yako Mariana mwezi wa nne tumeongea hivyo tu. Kwenye karatasi angalau tunafika mwisho wa mstari.

Nina habari ya kukuchekesha. Juzi alikuja binti mmoja, Doto, amevaa kizibao cha kung'aa kama cha watu wa barabara, ameshika kishikwambi. Akasema anakagua mitaa ya karibu na hoteli, wanakolala watalii wanaokwenda mbugani, kuona kama mgeni anaweza kutembea kwa miguu. Nilikuwa uani na Nyanzala, anapepeta mchele.

Akauliza, "Mama, hii njia inatoka wapi kwenda wapi?"

Nikamwambia inatoka hapa kwangu, inapita kwa Nyanzala, inakatiza kiwanja cha Gervais cha nyuma ya gesti yake, inatokea barabara ya sokoni.

"Mtu yeyote anaweza kupita?"

"Akipiga hodi."

"Na asipopiga?"

Nyanzala akadakia, "Asipopiga basi ni mwizi au ng'ombe. Na mimi nina ng'ombe mmoja anapiga."

Binti akacheka mpaka kizibao kikamvuka bega. Halafu akasema, "Kwa hiyo lazima uombe ruhusa."

"Siyo ruhusa, mwanangu. Hodi."

"Tofauti yake nini?"

"Ruhusa unaweza kunyimwa."

Akaandika kitu, sijui aliandika nini. Akauliza tena kama mzungu akipita hapa kwenda kununua kitenge atajisikia salama. Nyanzala akamwambia, "Aje tu. Ila nikimsalimia anijibu za kwao zote, mpaka za mifugo."

Alipotaja ofisi yake nikasikia jina lako. Anasema wewe ndiye unayechora. Nilifurahi, nikamkaanga mayai. Akala yote.

Nieleze hiyo kazi ni nini hasa, maana watu wananiuliza, na mimi najibu kwamba mwanangu anachora njia, wanadhani unapaka rangi.

Mama yako Mkubwa,
Yustina

*

Dodoma
9 Desemba 2024

Mama Mkubwa Yustina,

Shikamoo. Barua imenifikia wiki mbili baadaye, pembeni imelowa kidogo lakini maneno yote yapo. Mimi ni mzima. Ninakula. Vumbi lipo, ila mvua za hapa zikija litatulia. Msalimie Nyanzala na umwambie nimecheka habari ya ng'ombe peke yangu ofisini, wakadhani nimechanganyikiwa.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgeni akifika Mpanda analala usiku mmoja, asubuhi anapandishwa gari anakwenda mbugani, akirudi hivyohivyo. Anaondoka hajanunua hata ndizi. Sasa tumeagizwa tuangalie mitaa inayozunguka hoteli: je, mtu anaweza kutoka akatembea? Kuna mahali pa kuweka mguu au ni mtaro na pikipiki tu? Na je, njia zinaungana, au mtu akiingia anakutana na ukuta anarudi alikotoka? Kila njia tunaichora kwa mstari. Mistari ikikutana mara nyingi, mtaa ni mzuri kutembea. Isipokutana, tunasema mtaa umefunga.

Doto alinipigia siku ileile akiwa hapo kwako. Akaniuliza, "Kaka, hii ya uani niichore?" Nikamwambia asiichore. Nataka ujue kwa nini. Utaratibu wetu unasema njia ni ile ambayo mtu asiyekujua anaweza kupita bila kumwambia mtu. Njia ya hodi inahesabiwa kuwa ni ndani ya nyumba ya mtu. Hilo ni moja. La pili, kila njia itakayokuwa kwenye mchoro imependekezwa itanuliwe, itandikwe vitofali, iwekewe taa. Njia yako ingetanuliwa ingekula jiko, ingekula na ule mpapai. Wageni wangekuwa wanakupita na kamera unapoosha vyombo. Kwa hiyo nimekulinda, Mama Mkubwa. Uwanja wako utabaki wako.

Kuhusu kuja mwezi wa nne kwa misa ya mwaka, nitaangalia ratiba ya kazi. Sasa hivi siwezi kusema.

Krismasi njema. Nimekutumia sweta kwa mtu wa basi.

Mwanao,
Onesphore

*

Kashaulili, Mpanda
12 Januari 2025

Mwanangu Onesphore,

Heri ya mwaka mpya. Sweta limefika, linanitosha, kanisani wamelisifia. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mpapai unazaa. Nyanzala amepata ndama, kampa jina Kishikwambi, na akimwita uani watoto wote wa jirani wanachungulia.

Ahsante kwa kunielezea kazi yako. Nimeisoma barua mara nyingi. Na ahsante kwa kulifikiria jiko langu.

Sasa nikwambie yaliyotokea, na usiyachukue vibaya. Mchoro wenu ulibandikwa siku ya mkutano wa mtaa. Wiki iliyofuata Gervais akaja na kamba na mafundi wawili, wakaanza kupima kile kiwanja chake. Anajenga ukuta kukizunguka chote. Anasema wageni wake wanataka kukaa nje bila kutazamwa, na gesti yake sasa ni hoteli.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Gervais, njia je?"

Akanikunjulia karatasi, ameitoa nakala ya ule mchoro. "Mama Mariana, angalia mwenyewe. Hapa hakuna njia."

Nikaangalia. Nyumba yangu ipo. Ya Nyanzala ipo, hata choo chake kipo, kimechorwa vizuri. Kati yetu na barabara ya sokoni ni peupe.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa umepita wewe na sinia la maandazi ya mama yako kichwani. Marehemu Odeta alikuwa anakaangia pale pale fundi wako anapochimba."

Akatazama chini. "Ni kweli, mama. Lakini hayo ni ya zamani, na hii ndiyo karatasi."

Hakuwa na jeuri. Afadhali angekuwa nayo, ningepata pa kushika.

Sikulaumu. Ulifanya kwa kunipenda. Nakuandikia tu kwa sababu wewe unaielewa michoro, labda kuna namna ya kuweka mstari mwembamba, usiotosha vitofali.

Nilipokuwa nawatazama mafundi nilimkumbuka Mariana. Unakumbuka alivyokuwa anapiga hodi mkienda shule? Kwa Nyanzala aliitoa nzito kama ya mwanaume. Kwa Odeta aliilegeza, maana alitaka andazi. Na wewe nyuma yake kimya, umeshika pindo la sketi yake. Akifika kwa kila mtu anasema, "Hodi, tunapita, mimi na huyu asiyesema!" Odeta alikuwa anajibu, "Pita wewe, na huyo asiyesema apite." Andazi lenu alilikata nusu kwa nusu, ila nusu yako ilikuwa kubwa.

Nijibu mapema ukiweza.

Mama yako Mkubwa,
Yustina

*

Dodoma
16 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa Iringa kikazi, barua yako nimeikuta mezani.

Habari ya ukuta imenishtua. Sikufikiri mtu angeutumia mchoro kwa namna hiyo. Kwetu sisi, kutokuchora njia hakuna maana kwamba njia haipo. Ni kwamba haihusiki na mpango. Lakini naona karatasi ikishatoka mkononi mwako haisemi tena ulichokusudia.

Nimeongea na mkuu wangu. Anasema mstari unaweza kuongezwa kama kuna ushahidi kwamba watu wanapita hapo kila siku. Doto atarudi Mpanda mwezi wa tatu, atakaa hapo kwako asubuhi nzima aandike wanaopita. Wakiwepo, tutarekebisha.

Kwa sasa tumia upande wa nyuma, ule ubao wa juu ya mtaro. Najua si pazuri, lakini kwa mtu mwenye afya ni mwendo mfupi tu hadi barabarani.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Mwanao,
Onesphore

*

Kashaulili, Mpanda
16 Machi 2025

Mwanangu Onesphore,

Salamu. Mvua ni kubwa mwaka huu, treni ilisimama siku kadhaa, reli ilifunikwa na maji, ndiyo maana sijui hii utaipata lini. Kuku mmoja amechukuliwa na kicheche. Mimi mzima.

Ukuta umekwisha. Ni mrefu kunizidi, na juu wameweka chupa zilizovunjwa. Doto alikuja kama ulivyosema. Nilimpa kigoda, akakaa hapo kwenye njia tangu wakati wa chai mpaka jua la utosini, na kishikwambi chake mapajani. Alipita kuku. Alipita Kishikwambi, yule ndama, akamlamba bega. Mtu hakupita hata mmoja. Angepitaje, mwanangu, na kule mbele kuna ukuta?

Mwishoni akaniambia, "Mama, siwezi kuandika nisichokiona." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia aandike tu alichokiona, yeye siyo aliyejenga. Mayai aliyakataa safari hii.

Sasa nikueleze tunavyokaa, maana kwenye mchoro huwezi kuona. Kushoto ni ghala la mahindi, ukuta wake ni wa siku zote. Kulia ni kwa Nyanzala, naye hana pa kutokea. Mbele Gervais. Nyuma mtaro, na maji yake sasa hivi yanakimbia yamejaa mpaka kwenye ubao. Ubao unateleza, mimi siutumii. Nyanzala anavuka, ana miguu ya kuchunga, ananiletea mboga na chumvi. Jumapili nasali hapa hapa, nasikia kengele.

Lakini siyo kutoka tu. Kuna jambo silijui jina lake. Zamani watu walipita. Hakuna aliyekuja kunitazama, walipita tu: anakwenda sokoni, anatoka mashine ya kusaga, anapiga hodi, namjibu, anasimama, anatua mzigo, anasema "jua la leo," anakaa kidogo. Baada ya msiba walikaa zaidi. Hakuna aliyesema "pole," walikaa tu. Sasa anayetaka kuniona lazima aje kunitembelea, avuke mtaro, awe na sababu. Na msiba wangu umeshakuwa wa zamani, si sababu tena. Kuna siku nilipiga hodi mwenyewe kutoka chumbani, nisikie tu inavyolia uani. Usimwambie mtu.

Nyanzala amekasirika kwa niaba yangu. Tangu wiki iliyopita kila asubuhi, wageni wa Gervais wakiwa wanakunywa chai upande wa pili, anasimama mbele ya ukuta na ndoo yake kichwani, anaita, "Hodi! Napita!"

Siku ya kwanza mpishi wa hoteli akaitikia bila kufikiri, "Karibu, pita!" Halafu tukasikia sufuria linaanguka.

Siku ya tatu sauti ya Gervais ikatoka juu ya ukuta. "Nyanzala, unanifanyia nini?"

"Nakupigia hodi. Nijibu."

"Hakuna mlango hapo!"

"Sijakuuliza mlango. Nimepiga hodi. Mama yako alikufundisha hodi inajibiwaje?"

Nyanzala akakaa chini na ndoo yake akangoja, mpaka mimi nikamwonea huruma nikamwita anywe uji.

Misa ya mwaka ni tarehe 26 mwezi wa nne. Baada ya misa tunakwenda Ilembo kuusimika msalaba wa saruji kaburini, ule wa mbao umeliwa na mchwa. Padri ameshaandika jina. Namna nitakavyofika sijajua. Na wewe hujasema kama utakuja. Barua zako zote nimezipanga mezani, Onesphore, na jina la dada yako sijaliona hata mara moja. Sisemi kwa ubaya. Naliangalia tu pale ambapo lingekuwepo.

Mama yako Mkubwa,
Yustina

*

Dodoma
6 Aprili 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nyanzala amenipigia simu. Amesema ulianguka kwenye ubao mwezi wa kwanza, na goti limevimba tangu wakati huo, na unatembea kwa kushika ukuta. Amesema ulimkataza kuniambia. Umeniandikia kwamba u mzima, na mimi nikakuandikia habari ya mtu mwenye afya na mwendo mfupi.

Nilikwenda tena kwa mkuu wangu. Nikamwambia nimekulia eneo lile, nimepita pale kila siku ya shule. Akanisikiliza vizuri. Akasema michoro imeshakabidhiwa, kurekebisha ni mpaka awamu nyingine, na hajui kama itakuwepo. Nilimpigia Gervais. Akasema kiwanja ni chake na hakuvunja sheria, akaniuliza, "Ndugu yangu, si wewe uliyechora?" Kila njia ninayojaribu inanirudisha kwenye mstari ambao sikuuweka.

Nitasema na hili, kwa sababu umeliangalia pale lilipokosekana.

Siku tuliyomzika Mariana nilishuka kwenye basi nikaja kwa njia yetu. Nilifika pale kwa Odeta. Nyanzala alikuwa uani kwake na wanawake wengine, wamekaa chini, wananitazama. Nikasimama. Nilitakiwa kupiga hodi, na sikuwahi kupiga hodi pale maisha yangu yote. Aliyekuwa anapiga ni Mariana. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikarudi barabarani, nikazunguka, nikaingia kwa kupitia ubao. Ndiyo maana mlishangaa viatu vyangu vina tope siku ya jua kali. Kesho yake niliondoka kwa kupitia hukohuko.

Doto alinipigia kuuliza kama aichore, na wewe nilikueleza utaratibu, nikakueleza jiko na mpapai. Yote ni kweli. Lakini nilichomwambia yeye kwenye simu ni maneno mawili tu, "Hapo hapapitiki." Nadhani nilikuwa nasema habari zangu.

Tarehe 26 sitafika. Nimeandika sababu hapa mara tatu, nikazifuta zote.

Mpake goti mafuta ya moto. Nenda hospitali, hata kwa kubebwa.

Onesphore

*

Kashaulili, Mpanda
4 Mei 2025

Onesphore mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata Jumatano Kuu. Nimeisoma, nikaiweka chini ya mto, na sikuijibu haraka kwa sababu nilitaka kuwa na cha kukuambia. Sasa ninacho.

Kwanza nyumbani. Mvua zimepungua. Mahindi ya Ilembo yamekauka vizuri. Goti linapungua, nimekwenda hospitali, wamelivuta maji, nimepewa dawa. Usidhani nakudanganya tena, safari hii ni kweli, muulize Nyanzala.

Baada ya Pasaka walikuja wageni wawili pale kwa Gervais, mume na mke, watu wazima. Walikaa siku kadhaa kwa sababu gari lao lilikwama kule Sitalike, njia ya mbugani. Kila asubuhi wanamsikia Nyanzala. Siku hizo alikuwa hayuko peke yake, wanawake wengine wa mtaa walikuwa wanavuka ubao makusudi kuja kusimama naye, wanne watano, ndoo kichwani, vicheko vitupu. Yule mke akamuuliza mpishi lile neno ni nini na linajibiwaje. Mpishi akamfundisha. Kesho yake Nyanzala akaita, "Hodi, napita!" na juu ya ukuta ikatoka sauti ya kizungu, kwa nguvu, "Karibu! Pita!"

Wanawake walianguka chini kwa kucheka. Nyanzala akaanza kumsalimia palepale: za kwenu, za watoto, za ng'ombe. Yule mama hakuwa na neno lingine, akarudia tu karibu, karibu.

Mimi sikucheka sana, maana nilimsikia Gervais. Alikuwa upande wa pili, akawa anamwambia mpishi kwa sauti ya chini, lakini ukuta ule unaleta sauti: "Mgeni anajibu hodi pale alipokuwa anakaa mama yangu. Mimi nimekaa kimya."

Mchana wake akaja. Hana njia nyingine, akavuka ubao na viatu vyake vya ofisini, akateleza, akatumbukiza mguu mmoja mtaroni mpaka kwenye goti. Akasimama hapo uani, anachuruzika.

"Hodi, Mama Mariana."

"Karibu, mwanangu. Kaa."

Akaliona goti langu limefungwa kanga. "Limefanya nini?"

"Nilipita ulipopita."

Nikampa maji anawe mguu. Akasema, "Mbona hukuja kuniambia?" Nikamwuliza ningekuja kwa kupitia wapi. Hapo ndipo alipocheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka, na akainuka.

Kesho yake mafundi walitoboa ukuta. Wameweka mlango wa bati, mdogo, mtu mnene anapita kwa ubavu. Nikueleze ulivyo, nisikupambie. Komeo liko upande wao tu. Unapiga hodi, mpishi au mlinzi anasikia, anafungua. Jioni unafungwa. Gervais akisafiri, au akiuza ile hoteli kwa mtu asiyemjua Odeta, nitarudi nilikokuwa. Doto ameniambia kwa simu kwamba mlango wenye komeo nao hauchorwi. Nikamwambia sawa. Kwenye karatasi yenu mimi bado nimefungiwa, na ukiniuliza moyoni nikoje, karatasi haijakosea sana. Lakini tarehe 26 nilitoka.

Bajaji ilinisubiri mbele ya hoteli. Gervais alinishika mkono mmoja, Nyanzala mwingine, tukakatiza uwanja wake wenye viti vya wageni na miavuli. Pale Odeta alipokuwa anakaangia wameweka maua kwenye madumu. Nikasimama hapo kidogo, wakadhani goti linauma.

Misa ilikuwa nzuri. Ilembo tulifyeka, tukausimika msalaba. Jina limeandikwa vizuri, herufi zote zipo. Niliwatuma watu watangulie garini. Nilibaki peke yangu na dada yako, na sikumwambia mambo makubwa. Nilimwambia mlango umefunguliwa, na kwamba huyu asiyesema ameandika barua.

Tuliporudi jua lilikuwa linazama na mlango umeshafungwa. Nyanzala alikuwa amebaki sokoni, kwa hiyo nilikuwa peke yangu upande wa hoteli, najongea na fimbo. Mpishi hakuwepo. Mlinzi alikuwa mpya, mtu wa mbali, hanijui. Akauliza, "Wewe mama, unakwenda wapi?" Nikataka kuanza kueleza: mimi ni fulani, nyumba yangu ni ile, mwenye hoteli ananifahamu. Halafu nikaona hapana. Nikasema tu, "Hodi. Napita."

Akanitazama. Akaondoa komeo. "Pita, mama."

Kwa hiyo hilo neno bado linafanya kazi, Onesphore, hata kwa mtu asiyekujua.

Kuhusu uliyoniandikia: nilijua. Siku ile ya msiba viatu vyako niliviosha mimi, na tope la mtaro lina harufu yake. Sikuuliza kwa sababu na mimi nilikuwa siwezi kusema. Usijichoshe na huo mstari. Ungeuchora, labda jiko langu lingekuwa barabara. Hukuuchora, nikapata ukuta. Mimi na wewe hatukuwa na mstari mzuri wa kuchagua mwaka ule.

Ninachokuomba ni kimoja. Uje, siku yoyote, hata mwezi wa nane mvua zikiwa hazipo. Lakini usije kwa kupitia ubao. Shuka kwenye basi, njoo kwa Gervais, simama pale palipo na maua, na upige hodi mwenyewe, kwa sauti yako. Si lazima iwe kubwa. Hatutakusaidia, nimeshamkataza Nyanzala. Ukikaa hapo mpaka jua lizame, kaa. Mimi nitakuwa jikoni, na nusu ya andazi iliyo kubwa nitakuwekea.

Na mpaka siku hiyo, huko unakotembea ukikagua njia za watu, ukipita uani kwa mtu na mama fulani akainua kichwa kutoka kwenye ungo wake, nikumbuke.

Mama yako Mkubwa,
Yustina